Kisa cha mpiga solo aliyetaka kuuza amplifaya yake

Kisa hiki kinahusu bendi inayopiga benga na rumba kila mwisho wa wiki katika mgahawa mmoja wa Eastlands, jijini Nairobi. Kwa miaka mingi bendi hiyo ilikuwa na magitaa matatu, yaani solo, ridhimu na besi, na mpangilio huo ulimfaa sana mpiga solo, kwa kuwa ridhimu ilijaza katikati ya muziki naye akabaki na kazi ya kudonoa nyuzi nyembamba upande wa juu wa gitaa, jinsi benga inavyotaka. Mpiga ridhimu alipohama, nafasi yake haikujazwa. Mpiga solo akalazimika kubeba kazi ya watu wawili, ile ambayo wanamuziki wa Kongo wameizoea kwa jina la mi-solo: gitaa moja linalokaa kati, likishika mwendo wa wimbo na papo hapo likijibu sauti ya mwimbaji.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanza. Wateja wa meza za mbele walisema gitaa linawachoma masikio, na wa meza za nyuma walisema hawalisikii ila kama mlio mwembamba unaopotea nyuma ya ngoma. Mpiga solo huyo, mzee anayeheshimika kwa mkono wake mwepesi, aliamua kwamba tatizo ni amplifaya na kwamba wakati wa kuiuza umefika. Aliileta kwenye karakana yangu ili nikague kama ina valvu iliyokufa, yaani mojawapo ya taa za kioo zinazokuza sauti, kwa sababu hakutaka kumuuzia mtu kitu kibovu.

“Fundi,” aliniambia, “mashine hii nimekaa nayo miaka. Sauti yake ni hiyo moja, na sasa hata hiyo imechoka.”

“Mzee, tuipime kwanza,” nilimjibu. “Ikiwa ni nzima, nikuombe usiiuze kabla hatujaisikiliza pamoja.”

Amplifaya yenyewe ni Fender Deluxe Reverb. Kampuni ya Fender ilianza kutengeneza modeli hiyo mwaka wa 1963, na ya mzee ni ya toleo la baadaye linalofuata muundo wa mwaka wa 1965. Ina nguvu ya wati 22, spika moja ya inchi 12, valvu mbili za 6V6 upande wa kutoa nguvu, na chaneli mbili, yaani njia mbili za sauti zenye matundu na nobu zake: moja imeandikwa Normal na nyingine Vibrato. Ililetwa kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, kwa hiyo hapa kwetu kwenye volti 240 huunganishwa kupitia transfoma ya kushusha umeme. Jambo la kwanza nililokagua lilikuwa waya wa ardhi wa transfoma hiyo, maana mpiga gitaa aliyeshika nyuzi huku midomo yake ikigusa maikrofoni anaweza kupigwa na umeme vibaya sana ikiwa ardhi imekatika mahali. Ilikuwa sawa. Valvu nazo zilikuwa nzima, spika haikuwa imepasuka, na tangi la springi linalotoa mwangwi lilifanya kazi. (Msomaji anayetaka kuifungua yake mwenyewe ajue kwamba kapasita zilizo ndani huhifadhi zaidi ya volti 400 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kazi hiyo aachiwe fundi.)

Mashine, basi, haikuwa na kasoro. Kilichonivutia kilikuwa kwenye uso wake. Karibu na kila nobu, yaani kitufe cha kuzungusha, mzee alikuwa ameweka alama ya rangi ya kucha: volyumu kwenye 3, trebo (sauti nyembamba za juu) kwenye 8, besi (sauti nzito za chini) kwenye 7, mwangwi kwenye 5. Waya wa gitaa uliingia katika tundu la kwanza la chaneli ya Vibrato, na tundu lile pekee ndilo lililokuwa limechakaa kwa kutumika. Nilipomuuliza alama hizo aliziweka lini na wapi, alisema aliziweka nyumbani kwake, katika ghorofa, usiku, sauti ikiwa chini kwa sababu ya majirani. Tangu hapo, popote alipokwenda kupiga, alirudisha kila nobu kwenye alama yake, kisha akapandisha volyumu kidogo kama ukumbi ni mkubwa.

Nalichukulia jibu hilo kuwa kiini cha kisa chote. Mwaka wa 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa uwiano uleule: sauti ikiwa ndogo, sikio hukosa sehemu kubwa ya besi na sehemu fulani ya trebo, na sauti ikipanda, sehemu hizo hurudi. Mtu anayepanga amplifaya yake usiku kwa sauti ya chini huongeza besi na trebo ili kufidia kile ambacho sikio lake limekosa. Siku ya pili akiupeleka mpangilio huohuo ukumbini na kupandisha volyumu, besi na trebo zinamzidi, na katikati panabaki wazi. Kwa mpiga solo aliyekuwa na ridhimu pembeni yake jambo hilo halikudhuru sana, kwa sababu mwenzake ndiye aliyekuwa akilijaza pengo hilo. Ridhimu ilipoondoka, pengo likasikika na kila mtu mgahawani.

Pengo hilo lina sababu nyingine ndani ya mashine yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu wapiga gitaa wengi hawajaelezwa jambo hili. Nobu za trebo na besi katika amplifaya za aina hii haziongezi chochote. Mzunguko wake ni wa rezista (vipande vinavyozuia umeme) na kapasita tu, kwa hiyo unachoweza kufanya ni kupunguza. Kuiweka nobu kwenye 5 hakumaanishi kwamba umeiacha sauti bila kuigusa. Nobu ya sauti za kati haipo kabisa katika Deluxe Reverb. Mahali pake pana rezista moja isiyobadilika, ya kiloomu 6.8. Trebo na besi zikiwa juu, sauti za kati hubonyea katikati yake kama bonde, na ni kwa kuzishusha hizo mbili tu ndipo kimo cha sauti za kati kinaporudi kwa kulinganisha. Ukizishusha, sauti yote hupungua nguvu, na mpigaji anayesikia kupungua huko hudhani ameharibu kitu, akazirudisha juu haraka. Anachopaswa kufanya ni kuendelea kuzishusha, kisha kupandisha volyumu mpaka sauti irudi pale ilipokuwa. Wengi hawafiki hapo kwa sababu namba kubwa kwenye volyumu huwatia hofu.

Chaneli ya Vibrato ina jambo jingine tena. Kwenye nobu yake ya volyumu pamefungwa kapasita ndogo ya pikofaradi 47 ambayo hupitisha trebo moja kwa moja pale volyumu inapokuwa chini. Kadiri nobu inavyopanda ndivyo athari yake inavyofifia. Kwenye 3 inafanya kazi kwa nguvu. Mzee, kwa kuweka volyumu ya chini na trebo ya 8 katika chaneli hiyo, alikuwa akijitia ukali mara mbili bila kujua. Ongeza kwamba gitaa lake, lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) tatu za koili moja, lilikuwa daima kwenye pikapu ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, ambayo katika gitaa la muundo huo wa zamani haina nobu ya toni yoyote ya kuipunguzia makali. Ukali ulikuwa unaingia kwa milango mitatu.

Tulikwenda mgahawani mchana, kabla ya wateja kufika. Nilimwomba mzee afute alama zote za rangi kwanza. Alisita, na ninaelewa kwa nini, kwani alama zile zilikuwa zimempa utulivu jukwaani kwa muda mrefu, lakini alizifuta. Kisha tulikubaliana kwamba atapiga kipande kilekile cha wimbo kila mara, kwa nguvu ileile ya mkono, na kwamba tutabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kanuni ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuifuata: kila badiliko lilinganishwe na lililotangulia zikiwa na kimo kimoja cha sauti. Sikio hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kama tofauti ni ndogo mno, na mtu asipolinda jambo hili atamaliza siku akiamini amepata toni nzuri kumbe ameongeza volyumu tu. Mpiga besi wa bendi alikaa meza ya nyuma, mimi nikazunguka kati ya meza. Simu hatukuitumia kurekodi, kwa kuwa simu nyingi hupandisha na kushusha kimo cha sauti zenyewe na hivyo hufuta tofauti hasa tuliyokuwa tukiitafuta.

Tulianza na chaneli ileile aliyoizoea. Trebo ikashuka hadi 4, besi hadi 3, mwangwi hadi 2 kwa sababu mgahawa wenyewe una sakafu ya vigae na paa la mabati, na tayari unatoa mwangwi wa kutosha. Volyumu ikapanda kuelekea 5. Noti za juu hazikuwa nyembamba tena, zilipata mwili. Mpiga besi aliita kutoka nyuma kwamba sasa anasikia mwanzo wa kila noti. Mzee alirudia kipande kile mara nyingi bila kuambiwa, akiangalia mkono wake wa kulia, na baada ya muda nikaona ameanza kudonoa kwa wepesi zaidi, kwa kuwa hakuhitaji tena kuzipiga nyuzi kwa nguvu ili asikike.

Chaneli ya Normal ndiyo iliyomshangaza zaidi. Alikuwa hajaitumia hata siku moja, kwa kuwa haina mwangwi na kwa hiyo aliihesabu kuwa pungufu. Kweli haina mwangwi wala vibrato, lakini pia haina ile kapasita ya pikofaradi 47. Sauti yake kwenye volyumu ya chini ni nene na tulivu, na pikapu ya upande wa shingo ikitumika inakaribia sana gitaa la ridhimu la rumba: akodi zinashikana, hazitawanyiki. Kwangu mimi hii ndiyo chaneli bora zaidi ya mashine hiyo kwa mtu anayeimbisha wengine, na inasikitisha kwamba katika amplifaya nyingi ninazozipokea ndiyo yenye matundu yanayong’aa kama mapya.

Kila chaneli, aidha, ina matundu mawili, na la pili halikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Ukichomeka gitaa katika tundu la pili peke yake, volti ya mawimbi yanayoingia hupunguzwa nusu, ambayo ni desibeli 6, na pikapu hukutana na mzigo wa takriban kiloomu 136 badala ya megaomu 1 ya tundu la kwanza. Mzigo huo mzito hulainisha trebo kidogo. Kwa pikapu kali za koili moja, tundu la pili linampa mpigaji nafasi ya kupandisha volyumu juu zaidi kabla ya sauti kuanza kupasuka. Mzee alilipenda kwa nyimbo za polepole, si kwa benga. Alisema benga hapo inapoteza meno, na alikuwa sahihi.

Mwanamuziki mmoja rafiki yake alikuwa amemshauri aunganishe chaneli zote mbili kwa waya mfupi ili zipige pamoja. Ushauri huo ni mzuri kwa baadhi ya amplifaya, na tuliujaribu ili asibaki na shaka. Katika Deluxe Reverb mawimbi ya chaneli ya Vibrato hupitia hatua moja ya ziada ya valvu baada ya kuchanganywa na mwangwi, na kila hatua ya namna hiyo huyageuza mawimbi juu chini. Chaneli hizo mbili kwa hiyo zinafika mwisho zikipingana. Zinapopiga kitu kimoja kwa pamoja, zinafutana sehemu, hasa chini, na sauti inakuwa dhaifu kuliko ya chaneli moja. Tukauondoa waya.

Mpaka hapo tulikuwa bado hatujaigusa sababu ya tofauti kati ya meza za mbele na za nyuma. Amplifaya ilikuwa imekaa sakafuni mwa jukwaa, nyuma ya miguu ya mzee, ikielekea mbele. Jukwaa hilo ni la mbao na lina uwazi chini yake, kwa hiyo lilikuwa likitetemeka pamoja na amplifaya na kuongeza mvumo wa besi usio na umbo. Trebo nayo ilikuwa na safari yake. Spika ya inchi 12 ina upana wa karibu sentimita 30, na mawimbi ya hezi 3,000 yana urefu wa sentimita 11 hivi. Mawimbi mafupi kuliko upana wa spika hayatawanyiki, huenda mbele moja kwa moja katika njia nyembamba. Njia hiyo ilipita kando ya magoti ya mzee na kufika usoni mwa wateja walioketi mbele. Yeye mwenyewe, masikio yake yakiwa juu sana ya njia hiyo, hakuwahi kuisikia trebo aliyokuwa akiituma, na kila alipohisi sauti yake imefifia aliongeza. Nadhani hakuna jambo lililomgusa kama hili, kwa kuwa aliwajali wateja wake na hakujua aliwaumiza.

Tuliiinua amplifaya juu ya kreti mbili za soda, tukaipeleka pembeni ya jukwaa na kuielekeza kwa mshazari ili mstari wake wa katikati upite juu ya meza za mbele na kuifikia nyuma. Mgongo wa kasha la amplifaya hii uko wazi, kwa hiyo sauti hutoka nyuma pia. Tuliiacha mbali kidogo na ukuta ili sauti ya nyuma irudi kwa wanamuziki wengine. Vipaza sauti vya mgahawa ni vya waimbaji tu, na wati 22 zilitosha kabisa bila msaada wao. Mzee sasa alikuwa akisikia kile wanachosikia wateja, na kwa hiari yake mwenyewe akashusha trebo hadi 3.

Kuna kitu cha mwisho ambacho kwangu ni cha thamani kuliko nobu zote za amplifaya, nacho ni nobu ya volyumu iliyo kwenye gitaa. Ya mzee ilikuwa kwenye 10 siku zote. Volyumu ya chaneli ya Vibrato ikiwa karibu na 5, valvu zimefika ukingoni: gitaa likiwa kwenye 10 na mkono ukipiga kwa nguvu, sauti inapata ukwaruzo mdogo wa kupendeza, gitaa likishushwa hadi 7, inakuwa safi kabisa na ya chini kidogo, inayofaa kushika ridhimu huku mwimbaji akiimba. Sehemu ya sebene, yaani ile ya magitaa na kucheza, ikifika, kidole kidogo kinairudisha nobu juu na solo inatokea mbele bila pedali wala mtu wa kurekebisha. Kushusha nobu hiyo hupunguza trebo pia, kwa sababu ya umeme unaohifadhiwa na waya wenyewe, na waya mrefu huipunguza zaidi. Mzee alikuwa na waya mrefu wa kujiviringisha. Tulipoubadilisha kwa mfupi wa mita 3, uwazi ulirudi hata gitaa likiwa kwenye 6.

Si kila kitu kilikubali. Rektifaya ya amplifaya hii, yaani sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mnyoofu, ni valvu ya GZ34, na mpigaji anapopiga kwa nguvu volyumu ikiwa juu, volti hushuka kidogo kwa muda mfupi mno kisha hupanda tena. Kwa rumba ulaini huo ni baraka. Kwa benga ya kasi, ambapo noti zinafuatana bila nafasi, mwanzo wa noti hulegea. Mzee aliniuliza kama ningeweza kuiondoa valvu hiyo na kuweka dayodi, kipande kidogo kinachofanya kazi ileile bila kioo. Inawezekana, lakini volti ndani zingepanda na kuzitesa valvu za 6V6, nami sikuona haja. Nilimshauri nyimbo za kasi azipige volyumu ikiwa kwenye 4 na gitaa likiwa juu, aache 5 kwa rumba. Tofauti ni ndogo kwenye nobu, lakini inasikika mkononi.

Vibrato, ambayo licha ya jina lake hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti bila kugusa kimo cha noti, tuliigusa kidogo tu. Kwa mwendo wa polepole na nguvu ya 3 inafaa nyimbo mbili tatu za zilizopendwa ambazo wateja wa umri wa mzee huziomba. Ilikuwa imelala humo miaka yote.

Amplifaya haikuuzwa. Malalamiko ya meza za mbele yamekoma, na mpiga ngoma amesema sasa anaweza kupiga kwa mkono mwepesi zaidi. Mzee hupanga nobu upya kila jioni baada ya viti kupangwa, kisha hurekebisha tena mgahawa unapojaa, kwa kuwa miili na nguo za watu hunyonya trebo. Bendi imeanza kumjaribu kijana mmoja kwenye ridhimu. Akichukuliwa, tumeshakubaliana kwamba volyumu ya mzee itashuka, besi ya amplifaya yake itabaki chini ili kumwachia kijana nafasi, na trebo itapanda tena kidogo, safari hii ikipimwa kutoka meza ya nyuma.